Mafuta ya Mimea Usoni: Yapi, Kiasi Gani, Wakati Gani

Mafuta ya mimea hayana maji ndani yake, kwa hiyo hayawezi kuupa uso unyevu ambao haukuwa nao. Kazi yake ni mbili tu: kulainisha tabaka la juu la ngozi kwa kujaza nafasi zilizo kati ya seli kavu, na kupunguza kasi ya maji ya ngozi kupotea hewani, kama mfuniko unavyozuia mvuke wa sufuria. Malalamiko ya wanaopaka wiki nzima na bado uso unapauka huanzia hapa. Uso ulipakwa mafuta ukiwa umeshakauka, na mfuniko juu ya sufuria tupu hauna cha kuhifadhi.

Kosa la pili ni kuyaona mafuta yote ya asili kuwa kitu kimoja. Nazi, alizeti, mbarika na karafuu zote hutoa mafuta, lakini moja huziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi, nyingine ni salama kwa karibu kila uso, ya tatu ni nzito mno kupakwa peke yake, na ya nne inaweza kuunguza.

Kuijua ngozi kabla ya kwenda dukani

Njia rahisi haihitaji kifaa. Jioni uso unawiwe kwa sabuni laini, ufutwe kwa kugusagusa, kisha uachwe saa moja bila kupakwa kitu.

- Uso wote ukianza kung'aa, pamoja na mashavu, hiyo ni ngozi ya mafuta.
- Ukivuta, ukichanika kidogo pembeni mwa midomo au ukipauka, ni ngozi kavu.
- Paji na pua ving'ae ilhali mashavu yamepauka: ngozi mchanganyiko. Watu wengi wapo hapa.
- Ukiwasha au kuchoma kila unapokutana na kipodozi kipya, ni ngozi nyepesi kuudhika, iwe kavu au ya mafuta.

Kipimo hiki hudanganya kwa mtu anayenawa uso kwa sabuni ya mche au ya kufulia. Sabuni ya kipande ya kawaida huwa na pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5. Uso wa namna hiyo hukakamaa baada ya kila kunawa, na mwenyewe akaamini ana ngozi kavu, kumbe sabuni ndiyo inayomkausha. Wiki mbili za sabuni laini zitangulie, ndipo uamuzi ufanyike. Baadhi ya watu hugundua wakati huo kwamba hawakuhitaji mafuta yoyote.

Mafuta yapi kwa ngozi ipi

Tofauti kubwa kati ya mafuta haya iko kwenye asidi mbili. Asidi ya linoleiki hufanya mafuta kuwa mepesi na husaidia ukuta wa ngozi kujijenga; asidi ya oleiki huyafanya yawe mazito, yapenye zaidi, na ikizidi hulegeza ukuta huohuo. Mengine yote yanaweza kusahaulika.

*Alizeti.* Ndiyo chaguo la kwanza la makala haya, ingawa halina jina la kuvutia na halipambwi kwenye chupa za bei. Alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, haina harufu kali, na hupatikana kila mahali, kuanzia mashine za kukamua za Singida na Dodoma hadi rafu za maduka makubwa. Inafaa ngozi kavu, mchanganyiko na hata ya mafuta ikipakwa kidogo. Je, chupa ya jikoni inafaa? Inafaa, kwa masharti mawili: lebo ioneshe ni alizeti tupu, kwa sababu mengi ya mafuta ya kupikia ni mchanganyiko wenye mawese, na isiwe ile ambayo imekaa wazi kando ya jiko. Ziko pia mbegu za alizeti zilizozalishwa ili ziwe na oleiki nyingi. Hizo hutajwa kwenye lebo na hazifai kwa lengo hili.

*Ufuta.* Asidi hizo mbili ziko karibu sawa. Ni mafuta ya wastani kwa ngozi kavu na mchanganyiko. Onyo lake ni moja na ni zito: ufuta ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio. Anayevimba midomo au kutoka vipele akila ufuta asiyaguse.

*Ubuyu.* Mafuta ya mbegu za mbuyu hupenya vizuri na hayaachi uso ukiteleza. Yanafaa ngozi kavu. Bei yake huwa juu kwa sababu mbegu ni ngumu na hutoa mafuta kidogo, kwa hiyo ubuyu wa bei ya kutupa mara nyingi umechanganywa.

*Parachichi na zeituni.* Yote mawili yana oleiki nyingi. Parachichi hupendwa na wenye ngozi kavu sana au iliyozeeka. Zeituni ina sifa kubwa, ikiwemo ya kidini, na sifa hizo hazipingwi hapa. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 uliwapaka watu wazima matone machache mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa, na zeituni ilidhoofisha ukuta wa ngozi zao ilhali alizeti haikuudhoofisha. Kwa uso wenye ukurutu au unaowasha, zeituni iachwe mezani.

*Siagi ya shea.* Ya Uganda kaskazini ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na huyeyuka haraka kiganjani. Ni ya mashavu makavu, midomo na msimu wa baridi. Kwenye ngozi ya mafuta ni mzigo.

*Mbarika, au nyonyo.* Karibu asilimia 90 ya mafuta haya ni asidi ya risinoleiki, ndiyo maana yanavutika kama asali. Yasipakwe peke yake usoni. Sehemu moja ya mbarika kwa nne au tano za alizeti inatosha. Mbegu zake zina sumu kali iitwayo risini. Mafuta yaliyotengenezwa vizuri hayana sumu hiyo, kwani hubaki kwenye mashudu na huharibiwa na joto, lakini kutwanga mbegu mbichi na kuzipaka ni hatari isiyo na faida.

*Mwarobaini na habasoda.* Yanaheshimiwa sana kwa chunusi, na yana nguvu kweli, pamoja na nguvu ya kuudhi ngozi. Matone mawili matatu ndani ya kijiko cha chai cha mafuta mengine, si zaidi. Habasoda imewahi kuwatoa watu malengelenge walipoipaka kavukavu.

*Mawese mekundu.* Yanalainisha, lakini yanatia rangi mto, shuka na kola ya shati. Hilo peke yake linatosha.

Hoja ya bibi na mafuta ya nazi

Kila anayeshauriwa kuacha mafuta ya nazi usoni hujibu kwa jibu moja: bibi alipaka nazi maisha yake yote na ngozi yake ilikuwa nyororo. Jibu hilo ni la kweli kwa bibi wengi wa Tanga, Pemba na Kilifi, na halipaswi kudharauliwa. Lina mapengo matatu.

La kwanza, bibi alipaka zaidi mwilini, miguuni na kichwani, sehemu ambazo vitundu vyake si kama vya paji na kidevu. La pili, ngozi ya mtu wa miaka 60 hutoa mafuta yake kidogo, wakati kijana wa miaka 17 tayari uso wake unang'aa kabla hajapaka chochote. La tatu, waliotoka chunusi zamani walikuwepo pia, hakuna aliyewasimulia.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki. Hupambana na baadhi ya bakteria, ndiyo maana nazi inasaidia kwa ngozi kavu yenye ukurutu mwilini. Usoni, hata hivyo, nazi ni miongoni mwa mafuta yanayoziba vitundu zaidi. Kwa hiyo:

- Mwenye uso mkavu asiyetoka chunusi anaweza kuendelea na nazi yake bila hofu.
- Mwenye chunusi, vichunusi vyeusi au historia ya chunusi aiweke miguuni.
- Anayepaka nazi kwenye nywele na kutoka vipele vidogo pembeni mwa paji hana haja ya kutafuta dawa ya uso. Chanzo ni nywele. Madaktari wa ngozi wa Marekani waliuelezea ugonjwa huu mwaka 1970 kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito kichwani, na tiba yake kubwa ni kuyasogeza mbali na paji na kufua foronya mara kwa mara.

Nazi kuganda si dalili ya ubovu wala ya ubora. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa iliyokuwa maji Dar es Salaam itakuwa jiwe ikifika Njombe mwezi wa Julai.

Katika kuchagua, orodha zinazopanga mafuta kwa alama 0 hadi 5 za kuziba vitundu hutajwa sana. Zisaidie kukisia tu. Vipimo vyake vya awali vilifanywa kwenye masikio ya sungura, ambayo huziba kwa urahisi kuliko uso wa mtu. Uso wenyewe ndio unaotoa jibu la mwisho.

Visivyopaswa kugusa uso

1. *Mafuta tete bila kuchanganywa*, yaani yale yanayopatikana kwa kukusanya mvuke wa mmea: karafuu, mdalasini, mchaichai, mkaratusi. Yanauzwa kwenye vichupa vidogo kando ya mafuta ya kawaida, na mnunuzi huona ni aina ileile. Mafuta ya karafuu ya Pemba ni bidhaa bora kwa kazi yake. Sehemu kubwa yake ni eujenoli, ambayo huchoma ngozi ya uso na kuacha doa jeusi la miezi.
2. *Ndimu na limau*, juisi au mafuta ya ganda lake. Yana kemikali inayochoma ngozi ikikutana na mwanga wa jua. Mtu hupaka asubuhi ili aondoe madoa, siku chache baadaye ana doa jipya.
3. *Mafuta ya "kung'arisha" yasiyo na lebo.* Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi, umehamia kwenye chupa za mafuta. Mafuta ya mimea hayawezi kumbadilisha mtu rangi ndani ya siku 7. Yakifanya hivyo, ndani mna haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na nchi za Afrika Mashariki zina marufuku zake. Muuzaji akisisitiza kwamba ni mbegu tupu, hiyo ni sababu zaidi ya kumwachia chupa yake.

Kujaribu kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa na kila mtu. Tone moja lipakwe nyuma ya sikio au kwenye kiwiko upande wa ndani, asubuhi na jioni, mahali palepale, kwa siku 7. Kukiwa na wekundu, mwasho, joto au vipele, mafuta hayo yameshindwa na hayahitaji kupewa nafasi ya pili. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachotafutwa ni weusi uliozidi, uvimbe mdogo au hisia ya kuchoma.

Jaribio la kiwiko huonesha mzio. Halioneshi kama mafuta yatatoa chunusi, kwani hizo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Kwa hilo, mafuta yapakwe upande mmoja wa kidevu kwa wiki tatu au nne kabla ya kuenezwa uso mzima. Muda huu unaonekana mrefu kwa mtu aliyekwishalipa, lakini kuondoa madoa ya chunusi huchukua muda mrefu zaidi.

Hatua za usiku

1. Mikono ioshwe. Mafuta mengi huharibiwa na vidole vinavyotumbukizwa ndani ya kopo.
2. Uso unawiwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto huondoa mafuta ya asili, kisha mtu hulipa kuyarudisha.
3. Ukaushwe nusu tu. Ngozi ibaki na unyevu unaohisika kwa kidole.
4. Wenye ngozi kavu wapake kwanza kitu chenye maji: losheni nyepesi, jeli safi ya dukani ya alovera, au glisirini iliyozimuliwa kwa maji. Hii ndiyo inayoleta unyevu.
5. Ndani ya dakika moja hivi, matone 2 hadi 4 ya mafuta yasuguliwe viganjani na kubandikwa usoni kwa kugandamiza. Kusugua kwa nguvu hakuongezi kitu.
6. Kope na ukingo wa macho viachwe. Mafuta husafiri usiku, na mtu huamka macho yakiwa na ukungu.
7. Baada ya dakika 10 uso uguswe. Ukiteleza, kiasi kilizidi. Kesho kipunguzwe tone moja.

Ngozi ya mafuta ianze na usiku mbili au tatu kwa wiki, matone mawili, kwenye mashavu pekee. Anayetumia dawa ya daktari, kwa mfano krimu ya chunusi, apake dawa kwanza, aiache ikauke, kisha mafuta. Mafuta yakitangulia dawa haifiki sawasawa.

Asubuhi, na swali la jua

Hakuna mafuta ya mimea yanayokinga jua kwa kiwango cha kutegemewa, hata yanapodaiwa kuwa na kinga ya asili. Kwa ngozi nyeusi hatari ya kwanza ya jua si kuungua bali madoa kukolea na kukawia kufutika. Losheni ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi ndiyo hatua ya mwisho ya asubuhi. Mafuta chini yake huifanya iteleze na kukaa kwa mabaka, kwa hiyo kwa watu wengi ni busara mafuta yabaki kuwa ya usiku. Anayehisi hawezi kutoka bila kung'aa kidogo atumie tone moja, asubiri kama robo saa, ndipo apake kinga.

Kuondolea wanja na poda

Mafuta huyeyusha vipodozi vinavyogoma kwa sabuni. Alizeti kidogo isuguliwe kwenye uso mkavu kwa nusu dakika, ifutwe kwa kitambaa safi kilichoroweshwa maji ya vuguvugu, kisha uso unawiwe kwa sabuni laini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Mafuta matupu hayaondoki kwa maji, na mabaki yake yaliyochanganyika na wanja yakilala usoni huzaa vipele.

Makosa yanayojirudia

- Kupaka mengi kwa imani kwamba yanafanya kazi haraka. Ziada huishia kwenye foronya.
- Kubadilisha mafuta kila wiki. Ngozi huchukua takriban wiki nne kujibadilisha. Kabla ya hapo hakuna hukumu ya haki.
- Kuanza mafuta mapya na sabuni mpya siku moja, kisha kutojua lipi limeleta vipele.
- Kuendelea licha ya chunusi kuongezeka, kwa maelezo kwamba "uchafu unatoka". Mafuta hayatoi uchafu wowote ndani. Chunusi zikiongezeka, yameziba.
- Kupaka juu ya mba wa uso, yaani magamba yenye wekundu au weupe pembeni mwa pua na kwenye nyusi. Fangasi wanaohusika na hali hiyo hula mafuta. Tiba ni dawa ya fangasi. Mafuta ni chakula chao.
- Kuchanganya mafuta na alovera iliyokatwa shambani, asali au tui, kisha kuhifadhi. Mafuta matupu hayaoti bakteria kwa urahisi, lakini penye maji huota ukungu ndani ya siku chache. Vitamini E haizuii hilo; kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuchacha.

Wanawake wengi huogopa kwamba nazi au mbarika itawaotesha ndevu. Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba mafuta huotesha nywele mahali zisipokuwepo, jambo ambalo pia huvunja matumaini ya wanaume wanaopaka mbarika kidevuni. Kuhusu madoa, mafuta hulainisha ngozi na kuifanya iakisi mwanga vizuri, hivyo doa huonekana limepungua. Kulifuta ni kazi ya muda, kinga ya jua na, likiwa zito, dawa ya daktari.

Kwenye hewa kavu kupita kiasi

Wanaoishi Ulaya na Marekani Kaskazini wakati wa baridi, nyumba zikipashwa joto, na wanaofanya kazi kwenye viyoyozi vya Ghuba hukuta mafuta waliyoyategemea nyumbani hayatoshi. Hapo mafuta ya mgando hushinda: huzuia maji kupotea kuliko mafuta yoyote ya mimea. Utando mwembamba juu ya losheni kwenye mashavu na midomo unatosha. Kwamba yanatokana na petroliamu si sababu ya kuyaogopa yakiwa yamesafishwa vizuri.

Kununua na kuhifadhi

Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia, ndogo, yenye jina la mmea, tarehe na jina la mtengenezaji. Tanzania, vipodozi viko chini ya TBS tangu mwaka 2019; Kenya, alama ya KEBS ndiyo ya kutafuta. Kwa mafuta ya kukamuliwa kijijini, muuzaji aulizwe yalikamuliwa lini na kwa moto au bila moto. Yasiyopitishwa motoni hubaki na harufu na rangi ya mbegu. Yaliyosafishwa kiwandani hayana harufu na mara nyingi ndiyo yanayovumilika na ngozi nyepesi kuudhika. Si kila kilichosafishwa ni duni.

Mafuta yenye linoleiki nyingi, alizeti ikiwemo, huchacha mapema. Kabatini, mbali na dirisha na jiko, chupa iliyofunguliwa itumike ndani ya miezi mitatu hadi sita. Yakinuka kama karanga za zamani au rangi ya kupaka ukutani yatupwe; mafuta yaliyochacha huudhi ngozi.

Wakati wa kuacha na kumwona daktari

Mafuta yasimamishwe siku hiyohiyo kukitokea uvimbe wa macho au midomo, malengelenge, au mwasho unaosambaa hadi shingoni. Uso uoshwe kwa maji na sabuni laini, usipakwe kitu kingine juu yake, na kukiwa na shida ya kupumua mtu aende hospitali mara moja. Daktari wa ngozi aonwe pia kwa chunusi kubwa zenye maumivu zinazoacha makovu, kwa magamba yasiyoisha, na kwa doa lolote linalobadilika umbo au kutoa damu. Mgonjwa aende na chupa iliyotumika, pamoja na lebo yake.